Mpira Uliopungua Upepo na Swali Ambalo Mashabiki Hatukuuliza

Mwaka 2015 mashabiki wa mpira wa Kimarekani walirudi darasani. Watu waliomaliza sekondari miaka 20 nyuma, wasioikumbuka fizikia tangu siku ya mtihani, walianza kuitaja kanuni ya gesi kwa ujasiri wa mwalimu: hewa iliyofungwa ndani ya kitu ikipoa, mgandamizo wake hushuka. Walitia mipira kwenye majokofu, wakaitoa, wakaipima kwa geji. John Leonard, profesa wa MIT, alitoa mhadhara mzima juu ya jambo hilo. American Enterprise Institute, taasisi inayojishughulisha na sera za uchumi na siasa, ikachapisha uchambuzi wa takwimu. Yote hayo kwa sababu ya mipira 11 iliyopimwa wakati wa mapumziko, ikakutwa na upepo pungufu, katika mechi moja huko Foxborough, Massachusetts.

Nilikuwa mmoja wa waliobishana. Naufuatilia mchezo huu kutoka upande wetu wa dunia, ambako Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku na kuisha jua likichomoza, na ambako kumpata mtu wa kuzungumza naye asubuhi yake ni bahati. Baada ya fainali hiyo ya Februari hakuna mechi ya maana hadi Septemba. Asiyeijua ligi hii hudhani miezi hiyo saba ni ya porojo. Ukweli ni kwamba humo ndimo ligi inamoendeshwa: kanuni hubadilishwa, adhabu hutolewa, mikataba husainiwa, vijana wa vyuo huchaguliwa. Na humo humo ndimo sisi mashabiki tunamokosea zaidi. Tunabishana kuhusu mchezaji hadi sauti zinakauka, huku aliyeshika kalamu akimaliza kuandika.

Kwa msomaji asiyeuzoea mchezo: NFL, ligi yenyewe, ina timu 32 na haina kupanda wala kushuka daraja. Timu ni mali ya matajiri wachache (Green Bay Packers pekee ndiyo inamilikiwa na maelfu ya wanahisa wa kawaida), na wamiliki hao ndio wanaomwajiri kamishna. Tangu 2006 kamishna ni Roger Goodell. Wachezaji wana chama chao, NFLPA, na pande hizo mbili huongozwa na mkataba wa pamoja unaosainiwa kila baada ya miaka mingi. Mchezaji anayelipwa kuliko wote kwa kawaida ni kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua aurushe kwa nani.

Turudi Foxborough. Tarehe 18 Januari 2015 New England Patriots waliwakaribisha Indianapolis Colts, mshindi aende Super Bowl. Katika ligi hii kila timu hutumia mipira yake inaposhambulia, na kanuni inataka upepo uwe kati ya pauni 12.5 na 13.5 kwa inchi ya mraba. Colts walikuwa wameshaiambia ligi kabla ya mechi kwamba wanawashuku wenzao kuhusu upepo wa mipira yao. Katika robo ya pili mchezaji wao D'Qwell Jackson akaudaka mpira uliorushwa na kwotabeki wa Patriots, Tom Brady, na ilipofika mapumziko waamuzi wakaanza kupima. Walipima mipira 11 ya Patriots. Ya Colts walipima minne tu, muda ukawaishia. Walitumia geji mbili ambazo hazikukubaliana. Vipimo vya kabla ya mechi, ambavyo ndivyo vingetuambia upepo ulipungua kiasi gani, havikuwa vimeandikwa popote. Fundi wa pancha anayeiheshimu kazi yake asingemhukumu mtu kwa vipimo hivyo.

Hadi wakati huo Patriots walikuwa wanaongoza 17-7. Mipira ikajazwa upepo vizuri, na kipindi cha pili wakaongeza pointi 28 bila kujibiwa hata moja. Mechi ikaisha 45-7.

Siku chache baadaye ESPN ikatangaza kwamba mipira 11 kati ya 12 ilikuwa imepungua pauni mbili kila mmoja. Habari hiyo ndiyo iliyoiwasha Marekani nzima, na haikuwa ya kweli. Vipimo vyenyewe vilipotolewa mwezi Mei, ndani ya ripoti ya wakili Ted Wells, vilionyesha kwamba kwa geji moja ni mpira mmoja tu uliofikia upungufu huo, na kwa geji ya pili hata huo mmoja haukufika. Ligi ilikuwa na namba hizo mkononi tangu usiku wa mechi. Kwa zaidi ya miezi mitatu iliacha habari potofu itembee na kumchafua mchezaji mashuhuri kuliko wote ilionao. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika sakata lile, na ndilo lililozungumzwa kidogo kuliko yote.

Ripoti ya Wells ilikuwa na kurasa 243. Ilisema inaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli kwamba wafanyakazi wawili wa Patriots walipunguza upepo kwa makusudi, na kwamba Brady kwa kiasi fulani alilijua jambo hilo. Brady akafungiwa mechi nne. Klabu ikapigwa faini ya dola milioni 1 na kunyang'anywa nafasi mbili za kuchagua vijana. Mwezi Julai Goodell akaithibitisha adhabu na kutangaza kwamba Brady aliiharibu simu yake ya mkononi kabla ya kuhojiwa na wachunguzi. Ubishi ukapanda tena. Nusu ya nchi ikasema mwizi ameshikwa, New England ikasema mtu hubadilisha simu anapotaka.

Kisha mambo yakaenda mahakamani, na hapo ndipo shabiki makini alipaswa kusimama na kusikiliza. Tarehe 3 Septemba 2015 Jaji Richard Berman wa New York aliifuta adhabu. Hakusema Brady hana hatia. Alisema Brady hakuwahi kutaarifiwa kwamba kosa la namna hiyo linaweza kumfungia mechi nne. Aprili 2016 mahakama ya rufaa, majaji wawili dhidi ya mmoja, ikairudisha adhabu, nayo ikaeleza wazi kwamba kazi yake haikuwa kuamua kama Brady alishiriki. Swali lililokuwa mezani ni kama kamishna alitumia mamlaka aliyopewa na mkataba. Kifungu cha 46 cha mkataba wa pamoja kilimpa mamlaka ya kutoa adhabu, kisha kilimpa yeye huyo huyo nafasi ya kusikiliza rufaa dhidi ya adhabu hiyo.

Kwa hiyo majokofu yote yale, mihadhara, michoro ya mgandamizo wa hewa, havikuwa na uzito wowote mahali kesi ilipoamuliwa. Hata kama mwanafizikia bora duniani angethibitisha kwamba baridi ya Januari ndiyo iliyopunguza upepo, Brady angekaa nje vile vile. Alikaa nje mechi nne za mwanzo wa msimu wa 2016, timu yake ikashinda tatu bila yeye, na Februari 2017 huko Houston akatwaa Super Bowl dhidi ya Atlanta Falcons baada ya kuwa nyuma 28-3. Mashabiki wake waliuchukulia ushindi ule kama hukumu ya rufaa. Nilifurahi nao, usiku ule sikulala. Lakini kifungu cha 46 kilikuwa pale pale.

Kilitoka wapi? Wachezaji wenyewe walikisaini. Mwaka 2011 wamiliki walifunga milango ya klabu kwa zaidi ya miezi minne wakidai mkataba mpya, na ubishi wote wa mashabiki kipindi kile ulikuwa juu ya mgawanyo wa mapato na kama Septemba kutakuwa na mechi. Mkataba ukapatikana mwishoni mwa Julai, kila mtu akashukuru Mungu kwamba mpira umerudi, na mamlaka ya kamishna juu ya nidhamu yakabaki karibu kama yalivyokuwa. Sikumbuki kulisikia jambo hilo likibishaniwa na mashabiki. Miaka minne baadaye likamkuta Brady.

Atakayesema kwamba shabiki hana kura, hata akiuliza swali sahihi hakuna kitakachobadilika, namrudisha kwenye kiangazi cha 2014. Julai ya mwaka huo Goodell alimfungia Ray Rice wa Baltimore Ravens mechi mbili kwa kumpiga mchumba wake. Mechi mbili. Wakati ule ilikuwa inajulikana kwamba wachezaji waliokamatwa na bangi walifungiwa muda mrefu zaidi ya huo. Safari hii hasira za watu hazikuishia kwa Rice peke yake. Ziliielekea meza iliyotoa adhabu: kipimo gani kimetumika, nani amekiweka, kwa nini mwili wa mwanamke unathaminiwa kidogo hivi. Wanawake, ambao ni sehemu kubwa ya watazamaji wa ligi hii, walipaza sauti. Tarehe 28 Agosti Goodell akawaandikia wamiliki barua akikiri kwamba hakufanya sahihi, na akaweka kiwango kipya cha mechi sita kwa kosa la kwanza la ukatili wa aina hiyo.

Angalia tarehe. Video ya ndani ya lifti, ile iliyowatoa watu machozi na kumfanya Rice afukuzwe na klabu yake, ilitoka tarehe 8 Septemba. Barua iliitangulia. Kiwango kilibadilika wakati hakuna mechi, kwa nguvu ya watu waliokuwa wakibishana juu ya jambo lenyewe. Yaliyofuata baada ya video yalikuwa na kelele zaidi, lakini badiliko lilikuwa limeshaandikwa.

Mechi sita zile zilirudi miaka minane baadaye, na safari hii zilitutia wengi wetu katika mtihani. Deshaun Watson, kwotabeki aliyekuwa Houston Texans, alifunguliwa kesi za madai na wanawake zaidi ya 20 wakimtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono. Alikana, na mabaraza mawili ya wananchi huko Texas yalikataa kumfungulia mashtaka ya jinai. Wakati huo mkataba mpya wa 2020 ulikuwa umeyapunguza mamlaka ya kamishna: uamuzi wa kwanza katika kesi za mwenendo ulipewa afisa aliyechaguliwa na pande zote mbili, jaji mstaafu Sue L. Robinson. Kesi ya Watson ndiyo ilikuwa ya kwanza kwake. Tarehe 1 Agosti 2022 akampa mechi sita.

Ligi ilitaka angalau msimu mzima. Ikakata rufaa, na rufaa, kwa mujibu wa mkataba ule ule, ilikwenda kwa kamishna au mtu aliyemteua. Shinikizo hilo likaleta mapatano: mechi 11 na faini ya dola milioni 5. Watu wale wale waliokuwa wamemlaani Goodell kwa kumhukumu Brady peke yake sasa walimwomba atumie rungu lake. Nami nilikuwa miongoni mwao, kwa sababu niliona mechi sita ni dharau kwa wale wanawake, na bado naona hivyo. Sidai kwamba nimelitatua. Naona tu kwamba aliyeyapinga mamlaka yale mwaka 2015 kwa sababu alimpenda Brady, na akayataka mwaka 2022 kwa sababu alimchukia Watson, hajayazungumzia mamlaka yenyewe hata mara moja.

Watson huyo huyo ndiye mlango wa sakata ninaloliona kubwa kuliko yote ya miaka hii. Machi 2022, kabla hajahukumiwa, Cleveland Browns walimchukua na kumpa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 230, zote zikiwa na dhamana.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mkataba wa NFL ukisomwa gazetini huwa na tarakimu za kutisha, lakini klabu inaweza kuuvunja na kumwacha mchezaji mwaka wowote. Kinachobaki mkononi mwake ni zile fedha zilizodhaminiwa tu. Katika mpira wa kikapu wa NBA na katika besiboli mikataba mingi hudhaminiwa. Katika huu, mchezo unaovunja miili kuliko yote hiyo, dhamana ndiyo inayopiganiwa senti kwa senti. Kwa hesabu ya chama cha wachezaji, wastani wa maisha ya mchezaji kwenye ligi ni miaka mitatu na ushee. Sisi Afrika Mashariki tulipata kuionja habari hii kupitia Daniel Adongo, kijana wa Nairobi aliyetoka kwenye raga na kusajiliwa na Colts, timu ile ile ya Januari 2015, mnamo 2013. Akacheza mechi chache, akaumia, na mwaka 2015 akaachwa. Aliyeanza safari namna hiyo hana kabisa uwezo wa kudai dhamana. Anategemea wakubwa waipate kwanza, ili ishuke polepole hadi kwake. NFL sasa inasaka vipaji barani kwetu, imewahi hata kufanya kambi Nairobi, kwa hiyo suala hili halituhusu kwa mbali kama linavyoonekana.

Mkataba wa Watson ukawatia hofu wamiliki. Ikiwa kila kwotabeki mkubwa atadai fedha zote zidhaminiwe, mfumo mzima utageuka. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Lamar Jackson wa Baltimore Ravens, mchezaji bora wa ligi wa 2019 kwa kura zote, ambaye hakuwa na wakala na alijisimamia mwenyewe. Machi 2023 Ravens wakampa alama maalumu ya kimkataba iliyoziruhusu timu nyingine kumtolea ofa. Mchezaji wa hadhi hiyo, akiwa na miaka 26, hupatikana sokoni mara moja kwa kizazi. Haukupita muda, habari zikavuja kwamba timu moja baada ya nyingine, hata zile zenye njaa ya kwotabeki, hazikuwa na haja naye.

Na sisi tulibishana juu ya nini? Magoti yake. Kwamba alikosa mwisho wa misimu miwili kwa kuumia. Kwamba anakimbia mno. Kwamba angekuwa na wakala mambo yangekwenda sawa. Nimesoma na kusikia hoja hizo kwa wiki nzima nzima, na nyingine nilizitoa mwenyewe. Wachache walisema kwamba ukimya wa timu zote kwa pamoja una harufu, wakaambiwa wanapenda njama. Aprili Lamar akasaini Ravens kwa miaka mitano, dola milioni 260, dhamana 185. Msimu uliofuata akawa tena mchezaji bora wa ligi.

Chama cha wachezaji kilikuwa kimeshafungua malalamiko kwamba wamiliki walikula njama. Msuluhishi Christopher Droney alitoa uamuzi wake wa kurasa 61 tarehe 14 Januari 2025. Alibaini kwamba kwenye mkutano wa mwaka wa wamiliki, Machi 2022, baraza la menejimenti la ligi, kwa baraka za kamishna, lilizihimiza timu zote 32 kupunguza dhamana kwenye mikataba ya wachezaji wakongwe. Ndani ya ushahidi kuna hata ujumbe wa simu kati ya wamiliki wawili, wa Arizona Cardinals na wa Los Angeles Chargers, wakipongezana baada ya dhamana ya kwotabeki Kyler Murray kudhibitiwa. Hata hivyo Droney akaamua kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa timu zilikubaliana kufanya zilivyohimizwa, hivyo wachezaji wakashindwa.

Soma tena hayo. Ligi ilihimiza. Soko likaenda kama lilivyohimizwa. Na sheria ikasema haitoshi.

Uamuzi huo ukafichwa. Ligi haikuutangaza, na jambo la kuumiza zaidi, viongozi wa chama cha wachezaji nao hawakuutangaza hata kwa wachezaji waliokuwa wanawawakilisha. Ulitoka hadharani mwishoni mwa Juni, kwa kazi ya waandishi Pablo Torre na Mike Florio. Julai mkurugenzi mtendaji wa chama, Lloyd Howell, akajiuzulu, baada ya wiki za maswali kuhusu usiri huo na kuhusu kazi yake ya ushauri kwa Carlyle, kampuni ya uwekezaji iliyomo kati ya zile NFL ilizoziruhusu kununua hisa za timu.

Sasa weka pembeni ya hayo kile tulichokuwa tunabishania. Aprili 2025 uteuzi wa vijana ulifanyika Green Bay. Shedeur Sanders, mtoto wa mkongwe Deion Sanders, alitarajiwa na wengi kwenda mapema. Akasubiri hadi nafasi ya 144. Akiwa anasubiri alipigiwa simu ya utani na mtu aliyejifanya kiongozi wa timu, namba ikiwa imetoka kwenye kifaa cha kocha wa Falcons. Klabu ikatozwa dola 250,000 na kocha dola 100,000. Hata Rais Trump aliingilia kuwalaumu wamiliki kwa kumruka kijana. Usiku uteuzi ulipoanza, tarehe 24 Aprili, uamuzi wa Droney ulikuwa umetimiza siku 100 kamili tangu utiwe saini. Watu walikuwa wakipiga kelele kwamba wamiliki wamekula njama dhidi ya kijana mmoja, bila ushahidi wowote, wakati karatasi zinazoeleza jinsi ligi ilivyozisukuma timu dhidi ya wachezaji wote zilikuwa zimefungiwa kabatini.

Mwezi uliofuata ikawa zamu ya kusukumana. Philadelphia Eagles wana mtindo wao: ikibaki hatua moja tu ya umbali unaotakiwa, wachezaji wawili watatu humsukuma kwotabeki kutoka nyuma na kumpenyeza katikati ya lundo la watu. Packers walipendekeza upigwe marufuku. Zilihitajika kura 24 kati ya 32. Tarehe 21 Mei zikapatikana 22, mtindo ukabaki. Sina tatizo na ubishi huo. Ni suala la mchezo wenyewe, lina hoja za usalama na za uzuri, na kila shabiki ana haki ya kulipenda au kulichukia. Mimi naona Eagles waachwe, asiyeweza kuuzuia ajifunze kuuzuia. Ila lilikula mwezi mzima.

Nimejiuliza kwa nini tunavutwa hivi. Sura ya mtu ni sababu moja: Brady, Lamar na Shedeur tunawajua, tunawapenda au tunawachukia, na ni rahisi kubishana juu ya mtu kuliko juu ya kifungu. Lakini ipo sababu ya ndani zaidi, nayo ni ukomo wa mishahara. Kila timu ina kiwango cha juu cha fedha inazoweza kuwalipa wachezaji wake, dola milioni 279.2 kwa 2025, kutoka milioni 34.6 mwaka ulipoanza, 1994. Mfumo huu umemfundisha shabiki kufikiri kama mhasibu wa mwajiri. Mchezaji akidai zaidi, shabiki haoni fedha ikitoka kwa bilionea. Anaona beki ambaye timu yake haitaweza kumsajili. Ndiyo maana husema "tumemlipa mno", yeye ambaye hajalipa zaidi ya tiketi na jezi. Lamar alipodai dhamana, mashabiki wake mwenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kumwambia apunguze ili timu ijengwe. Huwezi kumshuku mwajiri ikiwa umeshakaa kwenye kiti chake.

Mkataba wa 2020 ulipitishwa na wachezaji kwa kura 1,019 dhidi ya 959. Kura hizo 60 ndizo zilizofungua mlango wa mechi ya 17, iliyoanza 2021, na mkataba wenyewe unakwenda hadi msimu wa 2030. Goodell ameshasema hadharani kwamba angependa kuona mechi 18, na mashabiki tayari wameanza kubishana: mechi za maandalizi zipunguzwe hadi mbili, fainali isogezwe hadi wikiendi ya Sikukuu ya Marais ili watu wasiende kazini na usingizi. Napenda wazo la wikiendi hiyo, ingawa kwetu Jumatatu itabaki kuwa siku ya kazi. Lakini mechi ya 18 ni kitu ambacho wamiliki hawawezi kukipata bila wachezaji kukubali. Ni mara chache upande wa wachezaji huwa na kitu kinachotakiwa kiasi hicho. Kiangazi ambacho mazungumzo hayo yataanza rasmi, kabla hatujafika kwenye ratiba, majeraha na tarehe ya Super Bowl, nitataka kusikia mtu akiuliza: kwa wiki hiyo moja zaidi ya kuumizana, dhamana itapanda kwa kiasi gani, na itamfikia hadi mchezaji wa mwisho kwenye orodha?